Mkunga wa Tangini: Kweli au Uongo?

Mwambie jirani kwamba unafuga mkunga sebuleni, uone atakavyokuangalia. Kisha zitaanza hadithi, na bila shaka nyingine umeshazisikia.

"Mkunga ni nyoka wa majini." Uongo. Ni samaki kamili: anapumua kwa mashavu, na lile pindo refu la mgongoni ni pezi.

"Akiachama anataka kuuma." Uongo. Matundu ya mashavu yake ni madogo, kwa hiyo hufumbua na kufumba mdomo ili maji yapite. Anapumua tu, maskini.

"Bila samaki hai atakufa njaa." Uongo, tena huu ndio unaoua mikunga wengi. Chukua yule mwenye mabaka meusi na meupe, Echidna nebulosa, anayeishi kwenye miamba ya pwani yetu. Meno yake ni butu, ya kuvunjia kaa. Mpe vipande vya ngisi, kamba au samaki wa baharini, hata vya barafu vilivyokwisha kuyeyuka, mara mbili au tatu kwa wiki akishakuwa mkubwa. Macho yake ni dhaifu lakini pua ni kali; msogezee kipande karibu na pua, usubiri. Wale samaki wa dhahabu wa dukani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na huweza kuja na magonjwa yao. Akisusa chakula siku kadhaa, hasa akiwa mgeni, usihangaike kumtafutia kiwindwa: pima maji kwanza.

"Usimlishe kwa mkono." Kweli. Wavuvi wamekataza tangu zamani kutia mkono kwenye shimo la mwamba, na wana haki. Mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walionyesha kuwa mkunga wa miambani ana mataya mengine kooni, yanayochomoza mbele na kuvuta windo ndani. Kidole chenye harufu ya ngisi kwake ni ngisi. Tumia koleo refu.

"Usiku atatoroka." Kweli tupu! Mkunga wa mtoni huweza kukatiza nyasi zenye umande, seuze ukingo wa kioo. Funika tangi, weka uzito juu ya kifuniko, na ziba kwa wavu hata tundu la kupitishia bomba.

"Damu yake ni sumu." Kweli, ikiwa mbichi. Moto huiharibu sumu hiyo, na hata Wajapani, mabingwa wa samaki mbichi, mkunga humpika.

"Weka dume na jike, watazaa." Uongo, kwa wale wa mtoni. Mikunga wa Tana na Rufiji huteremka hadi bahari kuu kutaga. Tangini utakachopata ni umri: Putte, mkunga wa Helsingborg, Uswidi, alifugwa hadi 1948 akiwa amepita miaka 80, na hakuacha mtoto hata mmoja.