Maziwa Yakikusumbua Tumbo
Ndugu mkulima wa Matsangoni, ukinywa maziwa na tumbo likanguruma, kisha ukaharisha, usiseme umerogwa, wala usikimbilie kuuza ng'ombe. Katika utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kiitwacho laktesi, kimeshikamana na utando wa chembe za utumbo; kazi yake ni kuvunja sukari ya maziwa. Jeni ndiyo iagizayo kitengenezwe. Watoto wachanga karibu wote wanacho. Kwa watu wengi hupungua wakikua, nami ni mmoja wao. Mwaka 2007 wataalamu waliopima watu wa Kenya, Tanzania na Sudan walionyesha kwamba wafugaji wengi wamerithi badiliko dogo karibu na jeni hiyo, nao huyamudu maziwa hata ukubwani. Kuchemsha huua vijidudu, sukari hubaki. Jaribu maziwa lala: vijidudu viyagandishavyo vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.