Hadithi za Kisayansi si Ngano za Majini

Muhula uliopita, ndugu mmoja wa Kidato cha Nne alinikuta nikisoma hadithi ya watu waendao mwezini. "Fizikia waanguka, halafu wakaa hapa na ngano za majini!" Darasa zima likaangua kicheko. Kuanguka nilikuwa nimeanguka kweli, na nilishaamua kuliacha somo lile. Lakini hilo la majini, leo nalijibu.

Hadithi ya kubuni ya kisayansi ni nini? Ni hadithi ambayo jambo lake la ajabu lina chanzo kinachoelezeka. Katika ngano, zulia hupaa kwa uchawi, basi, maswali yamekwisha. Katika hadithi ya kisayansi, mwandishi hana budi kutuambia chombo kinapaa kwa nguvu gani, na baadaye yatawapata watu mambo gani.

Hebu tutazame mifano. Mwaka wa 1818, Mary Shelley wa Uingereza alitoa riwaya ya Frankenstein. Wengi hudhani hilo ni jina la zimwi. Kumbe ni la kijana msomi aliyeunda kiumbe chenye uhai, kisha akakikimbia! Kiumbe kile hakikuanza na ubaya. Ubaya uliingia kilipokosa wa kukipenda.

Katika hadithi fupi, mimi huipenda moja ya Ray Bradbury, Mmarekani, ya mwaka wa 1950. Nyumba inajipikia kiamshakinywa na kujifagia yenyewe, lakini wenyewe hawapo. Bomu la atomiki limewamaliza, vimebaki vivuli vyao ukutani. Mashine zimesalia, watu hawako. Je, huo ni mzaha?

Jules Verne wa Ufaransa, katika riwaya yake ya 1865, aliwarusha watu watatu kutoka Florida kwenda mwezini kwa mzinga mkubwa. Mwaka wa 1969, Wamarekani watatu waliondoka Florida hiyo hiyo, wawili wao wakaukanyaga mwezi. Ila walitumia roketi. Kwa nini si mzinga? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Akachora ubaoni, akanionyesha kwamba mzinga huongeza kasi yote kwa ghafla mno, na abiria wangepondeka palepale. Roketi huiongeza kidogo kidogo. Siku hiyo ndipo nilipoelewa somo lililonishinda mwaka mzima. Sikuliacha tena.

Na kwetu Kenya? Mwaka wa 1995, Katama Mkangi alituandikia Walenisi, riwaya ya safari ya kwenda ulimwengu mwingine. Hebu likate jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Hapo ndipo penye siri ya hadithi hizi zote. Twapelekwa mbali ili tujione.

Basi ndugu yangu wa Kidato cha Nne, kitabu kiko kwangu. Njoo nikuazime, ila ukirudishe!