Kompyuta ikiwa nzito, usikubali ifutwe kabla hujaangalia haya

Mwezi uliopita nilikuwa Sori, kaunti ya Migori, kwenye ghuba ya Karungu, ambako dada yangu ameolewa. Sisi wa pwani tukisikia ziwa hudhani ni bwawa. Wallahi ukitazama nje ya ile ghuba huoni mwisho wa maji, na ufuoni dagaa wameanikwa kila upande. Wenyewe huwaita omena. Shemeji yangu huwanunua na kuwauza, na hesabu zake za miaka minne, nani kakopa na nani kalipa, zimo ndani ya kompyuta moja ya mezani iliyochoka.

Nilikuta faili ya hesabu inachukua dakika nne kufunguka. Fundi mmoja alishamwambia dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Nakala ya zile hesabu haikuwepo popote. Nikamwambia, "Shemeji, hebu subiri kwanza."

Watu wakisema "memori imejaa" huchanganya vitu viwili. Diski ni ghala: mali hukaa humo hata umeme ukikatika. Ramu ni ule wavu wa kuanikia dagaa: kila programu uliyoifungua sharti itandazwe pale ndipo ifanye kazi. Wavu ukijaa, Windows huondoa sehemu ya vilivyotandazwa, ikaviweka kwa muda kwenye diski, kisha ikavirudisha vinapotakikana. Safari hizo za ghalani na kurudi ndizo zinazoleta uzito, hasa kwa diski za zamani zinazozunguka, ambazo kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ramu.

Kwa hivyo kufuta picha za arusi hakuongezi ramu hata chembe. Dada yangu alishazifuta za mwanawe wa kwanza. Mola amsamehe aliyempa shauri.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, na ukibonyeza neno Memory, walaji wakubwa watapanda juu. Mashine ya shemeji ina ramu ya gigabaiti 4, na asilimia 93 ilikuwa imeliwa. Mlaji mkuu alikuwa Chrome. Mpwa wangu, msichana wa chuo, aliacha kurasa 31 wazi. "Mjomba, hizo nitazisoma," akaniambia. Sawa mwanangu, lakini kila ukurasa ulio wazi unakula fungu lake hata kama huutazami. Uhifadhi kwenye alamisho, kisha uufunge.

Mumo humo mna sehemu iitwayo Startup, yenye programu zinazojiwasha zenyewe kila mashine inapowaka. Zile usizozihitaji bonyeza Disable. Hazifutiki, zinaacha tu kujialika. Ya kulinda virusi usiiguse, ila ukikuta mbili, ondoa moja. Windows 10 na 11 zina yao tayari.

Baada ya hapo tumia Restart. Kwenye Windows nyingi ukizima kwa Shut down, sehemu ya mfumo huwekwa kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hivyo uchovu wa jana unaweza kurudi nao. Restart huanza upya kabisa.

Zile programu za bure zinazojinadi kuwa zitakusafishia ramu ziepuke. Nyingi husukuma vitu kwenye diski tu, na zenyewe zinakaa juu ya wavu uleule.

Diski nayo usiiache ijae pomoni, maana Windows itakosa pa kuweka vile vya muda. Disk Cleanup na kumwaga pipa la taka hutosha kwa kuanzia.

Kununua ramu zaidi ni jambo jema, lakini jua aina yake kwanza: DDR3 haingii pahali pa DDR4. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali mashine nyingi za zamani hata ukiziongezea ramu. Usitie pesa nyingi kwenye mashine kongwe.

Faili ya shemeji sasa hufunguka chini ya nusu dakika. Lakini kabla sijagusa chochote tulinakili hesabu zote kwenye flashi. Dada ameifunga pindoni mwa leso, na shemeji akiitaka huiomba.