Nani Afungue, na Saa Ngapi?

Ukitoka Same mjini kwa barabara kuu kuelekea Korogwe, mkono wa kushoto umesimama ukuta wa Milima ya Upare, na mkono wa kulia nyika inateremka taratibu hadi Mto Pangani. Huko juu, kilele cha Shengena kina mita 2,462 na kimevaa msitu wenye ukungu. Chini, Makanya na Hedaru ni nchi ya migunga, mkonge na vumbi. Tambarare hupata kama milimita 500 za mvua kwa mwaka, tena zikiwa zimegawanyika kati ya vuli na masika. Mahindi yanaweza kumaliza kiasi hicho katika msimu mmoja tu. Kwa hiyo mkulima wa ukanda huu hategemei mvua inayomnyeshea kichwani. Anategemea ile iliyonyesha juu kwa watu wengine, ikanywewa na mlima, kisha ikatoka kidogo kidogo kwenye vijito.

Kijito nacho kina kasoro yake. Kinatiririka usiku na mchana bila kujali kama kuna mtu shambani, na kwa kuwa ni chembamba, hakifiki mbali. Ukikichepusha kwenye mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita mbili au tatu, ardhi inakinywa njiani. Upotevu huo hautegemei sana wingi wa maji. Unategemea eneo la udongo linalolowana na muda ambao maji yanabaki juu yake. Maji machache yanatambaa, na yanapotambaa yanazama. Maji mengi yanakimbia, yanafika shambani kabla udongo haujashiba.

Wapare walilipatia jambo hili jibu zamani sana, nalo ni ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe lililochimbwa ubavuni mwa mlima, linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha na kuyaachia kwa mkupuo asubuhi.

Chukua mfereji unaoleta lita 5 kwa sekunde, kiasi ambacho ndoo ya lita 20 ingejaa kwa sekunde nne. Ukiingia kwenye ndiva tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, utakuwa umekusanya lita 216,000, yaani mita za ujazo 216. Ndiva ikifunguliwa na kumalizwa kwa saa tatu, mfereji wa chini unapokea lita 20 kwa sekunde, mara nne ya nguvu ya kijito chenyewe. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni saa ya kuyaachia. Na kwa sababu ndiva hujaa usiku na kuisha mapema, jua halipati nafasi ya kuchukua sehemu yake.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha pia udogo wa neema yenyewe. Mita za ujazo 216, hata kama tone halikupotea, zinatosha kulowesha eka moja kwa kina cha sentimita 5. Eka moja kwa usiku mmoja! Kama wenye haki ya maji ni kaya mia, zamu inaweza kumrudia mtu baada ya wiki nyingi, pengine mara moja au mbili kwa msimu. Kwa hiyo si umwagiliaji wa kulimia kiangazi chote, ni maji ya kuokolea. Mvua inakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, majani yanajikunja mchana, na sentimita hizo 5 ndizo zinazoamua kama kutakuwa na gunia au mabua ya kulisha mbuzi.

Katika bonde la mto Makanya, ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Delft, Uholanzi, walilichunguza kwa kina katika muongo wa kwanza wa karne hii, ndiva zimetawanyika katika vijiji kama Vudee, Mwembe na Bangalala. Nyingine hubeba mita za ujazo mia chache tu. Ile ya Manoo, Bangalala, ni miongoni mwa kubwa. Zamani ndiva ilikuwa mali ya ukoo, na mwenye kuichimba alikuwa na kauli ya mwisho juu ya nani apewe. Siku hizi kuna kamati, daftari la zamu na faini, na ndiva zilizokarabatiwa zimejengewa kuta za saruji na koki ya chuma. Zile za kizamani tundu la kutolea maji lilizibwa kwa gogo na udongo wa mfinyanzi. Aliyekuwa akifungua ilimbidi asimame karibu na shimo lenyewe, akivuta kizibo huku maji yakimsukuma, na mwenye zamu akiwa tayari chini, jembe mkononi, ameshakata tuta la shamba lake. Akichelewa, maji yanakwenda kwa jirani. Hapo hakuna anayefungua bila kujulikana amemfungulia nani.

Hata majirani wa juu na wa chini katika mto mmoja wanaweza kugawana siku yenyewe: wa juu wanachukua maji ya mchana, ya usiku yanaachwa yateremke kwenye ndiva ya wa chini. Ni mgawanyo unaokaguliwa bila kipimo chochote, kwa kuwa kila mtu anajua jua limezama au halijazama.

Hata hivyo ndiva isipambwe kupita kiasi. Zimeenea huko juu hadi maji ya kawaida ya mto hayafiki tena kijiji cha Makanya, kule chini. Wakulima wa Makanya wamebaki na mafuriko: mara chache kwa mwaka, mvua kubwa ikipiga milimani, korongo kavu linajaa maji mekundu, nao wanakimbilia kwenye mabanio ya matawi na mchanga ili kuyaelekeza mashambani kabla hayajapita. Maji hayo huja na tope lenye rutuba, lakini tope hilo hilo huinua mashamba na kuufanya mto uhame njia. Mwenye shamba la mwisho daima anapokea mabaki ya maamuzi ya wengine.

Sasa tuhamie upande wa kaskazini-magharibi, kwenye ndiva ya ukubwa mwingine kabisa. Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopakana na Mwanga, Moshi na Simanjiro, lilizibwa katikati ya miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapoungana kuwa Pangani. Likijaa linafunika kama kilomita za mraba 150, tena kwa kina kifupi: sehemu kubwa ni mita chache tu. Lilikusudiwa kukusanya maji ya masika na kuyatoa polepole mwaka mzima, kwa ajili ya kilimo na kwa ajili ya umeme: megawati 8 pale pale kwenye ukuta, 21 kule Hale, na tangu katikati ya miaka ya 1990, 68 za New Pangani Falls. Mashine hizi hazipendi vishindo. Zinataka maji yale yale, Januari hadi Desemba.

Bwawa pana na la kina kifupi lina mlaji mwingine asiye na kibali. Tuseme mvuke unachukua milimita 5 kwa siku, kiwango cha kawaida kwa nyika yenye upepo kama ile. Katika kilomita za mraba 150 hizo ni mita za ujazo 750,000 kila siku, karibu mita za ujazo 9 kwa sekunde zinazopaa bila kuwasha taa wala kunywesha mpunga. Ndiva ya Bangalala inajaa gizani na kuisha asubuhi; Nyumba ya Mungu inaanikwa juani miezi 12.

Samaki nao walikuja bila kualikwa. Bwawa jipya linapofunika majani, vichaka na samadi ya mifugo, mbolea hiyo yote inageuka chakula cha perege. Ndivyo ilivyokuwa. Wavuvi walimiminika kutoka kila pembe, kambi zikageuka vijiji, na kufikia mwaka 1970 mavuno yalikadiriwa kuzidi tani 20,000. Kisha rutuba ya mwanzo ikaisha, nyavu zikazidi, na mavuno yakaporomoka hadi sehemu ndogo ya kiasi hicho. Tangu hapo uvuvi umekuwa ukifunguliwa na kufungwa. Mwaka 2016 serikali iliusimamisha kabisa ili samaki wapumzike.

Lawama kwa kawaida humwangukia mvuvi na wavu wake wa matundu madogo. Ana sehemu yake. Lakini perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, na hapo ndipo lango la bwawa linapoingia katika maisha yake. Ukitoa mita za ujazo 20 kwa sekunde bila mto kuingiza chochote, bwawa lililojaa linashuka sentimita 10 kwa siku kama tisa, na mvuke ukijumlishwa, kwa siku sita tu. Sentimita 10 ni kidogo ukiwa ukutani. Kwenye ufuko unaoinama mita 1 kwa kila mita 200, maji yamerudi nyuma mita 20 na viota vimebaki juu ya tope kavu. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, hivyo anaweza kukimbia nao. Majani ya ukingoni ambamo watoto wangejificha hayakimbii.

Chini ya ukuta ilitokea kinyume chake. Mto Pangani ulikuwa ukifurika kila masika na kujaza kinamasi cha Kirua, ambamo watu walivua, wakalima maji yalipopungua na kulisha ng'ombe kiangazi. Mtiririko uliosawazishwa kwa ajili ya mashine uliondoa mafuriko, na kinamasi kikanywea. Hakuna aliyepanga kukiua. Hakikuwa kwenye hesabu tu, maana hesabu iliandikwa kwa megawati.

Kwingineko hata starehe imeingia kwenye hesabu hizi. Huko Jinja, Uganda, biashara ya kushuka maporomoko ya Nile kwa boti za mpira ilishamiri tangu miaka ya 1990. Bwawa la Bujagali lilipoanza kazi mwaka 2012 lilimeza maporomoko maarufu, na serikali ikaahidi kuyahifadhi yale ya Kalagala kama fidia. Kisha bwawa la Isimba, mwaka 2019, likaja kuvuruga mpango huo. Upareni hakuna boti za mpira. Ila ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, bwawa la Dindira lililochimbwa na watu ndilo linalowaleta tembo mbele ya macho ya watalii, na linapokauka hakuna anayehitaji kuelezwa thamani ya maji yaliyotulia.

Katika muongo wa 2000, Bodi ya Maji Bonde la Pangani ikishirikiana na shirika la uhifadhi la IUCN ilifanya tathmini ya mtiririko wa mazingira: mto unahitaji maji kiasi gani, miezi gani, ili vinamasi, samaki na mlango wa mto kule Pangani mjini, ambako chumvi hupanda mtoni maji matamu yanapopungua, viendelee kuishi. Nalo kimsingi lilikuwa swali la zamu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua fungu la mazingira, lakini kuliachia kunamaanisha kumpunguzia mtu, na mito inayoijaza Nyumba ya Mungu inapita kwanza kwenye maelfu ya mifereji ya Kilimanjaro na Meru.

Na zamu imeongezeka. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza mwaka 2014, ulizinduliwa Machi 2025, na sasa maji ya Nyumba ya Mungu yanasukumwa kwa mabomba hadi miji iliyozoea kununua maji kwa dumu. Mchoto wa mabomba ni mdogo ukilinganisha na mahitaji ya mashine, lakini matakwa yake ni tofauti. Mashine inadai wingi wa maji yanayopita. Perege anadai kina kisishuke ghafla wakati wa kuzaa. Bomba linadai kina kisishuke kamwe chini ya kinywa chake, hata mwaka ambao vuli haikunyesha, na watu wa Same mjini hawawezi kusimama juu ya ukuta kuona nani anafungua lango.