Riveti za mahali mkono haufiki

Wengi wetu tulisikia habari ya Kilambo, kule Walikale. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami, zinabeba kasiterite mpaka Goma. Sasa tuulize: mabati ya ndege yanashikana na nini? Mara nyingi ni riveti, misumari mifupi ya aluminiumu, maelfu na maelfu.

Kazi hii inaomba watu wawili. Mmoja anapiga kichwa kwa nje, mwenzake kwa ndani anashikilia chuma kizito. Mkia unapondeka, unakuwa kichwa cha pili, upana wake mara moja na nusu ya ule wa riveti.

Lakini mkiani mwa ndege kunabana, mkono hauingii. Fundi mwerevu anapiga zile za ndani mbele ya kufunga bati la mwisho. Ikishindikana, iko riveti ya bomba: anavuta waya wake wa kati kwa koleo, bomba linavimba upande wa nyuma, waya unakatika. Lakini atumie pale tu plani inaruhusu, maana si zote zina nguvu sawa.

Mwisho achungulie kwa kioo kidogo. Jicho la abiria halifiki kule. La fundi lazima lifike.