Unanunua pikipiki kuukuu ya Mwingereza? Soma hii kabla ya kutuma deposti

Picha za namna hii huzunguka sana WhatsApp: BSA M20 imeegemea ukuta, kutu imeshika tangi, tairi zimeoza, halafu ujumbe wa muuzaji: "Nitumie elfu kumi nikuwekee, kuna mtu mwingine anakuja kesho." Usitume bado.

M20 si chuma chakavu cha kudharau. Ilitengenezwa Birmingham, na jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 120,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Injini yake ya silinda moja, cc 500, ni nyepesi kueleweka. Fundi mzuri wa jua kali ataifungua bila kompyuta yoyote. Shida huwa kwenye karatasi.

Nenda uione mwenyewe. Sugua kutu, soma namba ya fremu na ya injini, uzilinganishe na logbook. Kwa BSA za miaka hiyo namba hizo mbili hazikufanana hata zikitoka kiwandani, kwa hivyo hilo lisikutishe. Triumph za miaka ya 1960 ndizo zilitoka zikifanana. Kinachotutia wasiwasi ni namba iliyosagwa au kugongwa upya.

Kisha omba rekodi za NTSA kupitia eCitizen ujue mmiliki ni nani. Kwa pikipiki ya umri huu, huenda ni mzee aliyekwisha kufariki. Hapo mwanawe, hata awe mkweli namna gani, hawezi kukuhamishia umiliki kabla mahakama haijampa hati ya kusimamia mirathi. Ukimlipa yote leo, utakaa na pikipiki usiyoweza kuiandikisha kwa jina lako.

Sasa pesa yenyewe. Kabla hujaingiza PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la mtu mliyeandikiana mkataba, acha kwanza. Ombi la kurudishiwa pesa ni la aliyekosea namba, tena husaidia kama pesa bado haijatolewa, na kwa wakala hilo ni jambo la dakika chache. Ugomvi wa biashara halitatui.

Na usimalizie hela zote kwa muuzaji. Bolti za M20 ni za vipimo vya kale vya Uingereza: spana zako za 10 na 13 hazitashika sawasawa, zitakula kona tu. Bakisha za spana za Whitworth, na za kabureta ya Amal, ambayo pengine itabidi uagize Uingereza kwenyewe na kuilipia ushuru.