Mwiba na Kuiba Havina Udugu

Wapo wanaosema mwiba umetokana na kuiba, kwa kuwa humvizia mtu kama mwizi. Hoja inavutia, lakini sarufi inaikataa: aibaye ni mwizi, au mwivi, na wingi wake ni wezi, au wevi, ilhali mwiba wingi wake ni miiba, kwenye ngeli ya miti. Mtetezi atajibu kwamba sauti zinafanana mno kuwa bahati tu. Basi na tuwaulize ndugu zetu wa lugha. Kwa Waganda kuiba ni okubba, mwiba ni eriggwa. Kwa Wazulu ni ukweba na iva. Kwao mizizi haigongani. Kufanana huko kwetu wao hawana.

Maana ya mwiba ndiyo tamu zaidi. Kichomeo cha mgunga ni sehemu ya jani iliyogeuka, cha mlimau ni tawi, cha waridi ni ngozi ya shina tu. Mtaalamu wa mimea huvitenganisha. Kiswahili huviita vyote miiba, kisha kikaongeza mfupa mwembamba wa samaki unaokwama kooni na kichomeo cha nyuki. Huo si uvivu wa lugha: jina limefuata kinachochoma, si kilikoota.